Kenya na Tanzania: nani yuko mbele, na tunapimaje?

Mizani (mleta mada)

Wakuu habari zenu,

Ubishi wa Kenya na Tanzania kuhusu jeshi na teknolojia haujawahi kuisha, na kila mara unakwama pale pale. Mmoja anabandika orodha ya vifaru, mwingine anajibu kwa picha ya treni ya umeme, wa tatu anakuja na setilaiti. Naandaa jedwali la kulinganisha nchi hizi mbili, na nataka Mkenya na Mtanzania wakilisoma wote wakubali kwamba halikupendelea upande.

Nilivyonavyo mpaka sasa: Kenya ina ndege vita za F-5, Tanzania ina F-7. Kenya ina SGR (reli ya kisasa) ya dizeli tangu 2017, Tanzania ina ya umeme tangu 2024. Kenya ilirusha setilaiti ya Taifa-1 mwaka 2023. Tanzania ina Mzinga (kiwanda cha risasi) na Nyumbu (cha malori), Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret na cha bunduki Ruiru.

Nisaidieni hapa. Zile orodha za mtandaoni zinazopanga majeshi ya dunia kwa namba, zinafaa kuwa msingi? Ndege zikiwa 12 kwenye karatasi, nitajuaje ngapi zinaruka? Na upande wa teknolojia nipime nini, maana setilaiti na treni haviingii kwenye mizani moja. Naomba majibu yenye namba na sababu. Kejeli tuziache nje ya uzi huu.

FundiAnga

Mleta mada, anza na ndege, kwa sababu huko ndiko namba zinakodanganya zaidi.

F-5E ni ya Northrop ya Marekani. Kenya ilianza kuzipokea mwishoni mwa miaka ya 1970, baadaye ikaongeza zilizokwisha kutumika kutoka Jordan. F-7 ni ya Kichina (kwao huitwa J-7), ukoo wake ni MiG-21 ya Kisovieti, na toleo jipya la J-7G liliingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2010. Hapo mashabiki hukimbilia kubishana ipi ina mbio zaidi, wakaliacha lililo kubwa: F-5 iliacha kuundwa 1987, na J-7 ikaachwa 2013. Nchi zote mbili zinaendesha ndege ambayo hakuna kiwanda kinachoiunda tena. Kipuri kinatoka kwenye akiba ya zamani, kwa karakana chache zilizobaki duniani, au kwa kuchinja ndege moja ili nyingine iruke.

Tofauti ya kweli iko kwenye injini. F-5 ina mbili ndogo aina ya J85. Moja ikizimika angani, rubani bado ana nafasi ya kurudi uwanjani. F-7 ina moja tu, na injini za ukoo wa MiG-21 zinajulikana kwa kutaka kufunguliwa upya baada ya saa mia chache za kuruka. Kwa hiyo jeshi lenye ndege hizo halina budi kuwa na injini nyingi kuliko ndege. Injini ikisafirishwa nje kwa matengenezo ikakaa miezi minane, na ya akiba haipo, ndege inageuka sanamu la bandani.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua mfano wa ndege 12. Tatu ziko kwenye matengenezo makubwa, zimefunguliwa hadi mbavu. Mbili zinasubiri kipuri. Mbili ziko kwenye ukaguzi wa kawaida wa saa. Zimebaki tano, na moja kati ya hizo ni ya viti viwili, ya kufundishia. Nne ndizo za kazi. Ukitaka mbili ziwe tayari usiku na mchana, hizo nne ndizo zitakazopokezana zamu wiki nzima. Kwa ndege za umri huu hilo ni jeshi linalofanya vizuri.

Na mara nyingi kinachoilaza ndege chini si kitu kikubwa. Kiti kinachomrusha rubani nje kina baruti zenye tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarehe ikipita ndege hairuki, hata kama injini ni mpya. Tairi za ndege za mbio huisha baada ya kutua mara chache tu, na zikikaa stoo muda mrefu mpira unapasuka. Parachuti ya breki inachanika, betri inakufa. Ukiona nchi inanunua vitu hivyo vidogo kila mwaka bila kukosa, ujue inarusha ndege. Ukiona imenunua ndege mpya kwa mbwembwe halafu kimya miaka mitano, weka alama ya kuuliza kwenye jedwali lako.

Kipimo kingine ni saa za rubani. NATO inataka saa 180 kwa mwaka kwa rubani wa ndege vita. Rubani wa saa 50 anaweza kupaa na kutua salama na kupamba gwaride. Kupambana usiku kwenye mawingu ni kazi nyingine.

Kuhusu orodha za mtandaoni kama Global Firepower: kanuni yake inachanganya mambo zaidi ya 60, yakiwemo idadi ya watu, bandari, barabara na mafuta. Inakupa picha ya ukubwa wa nchi, ila baruti ya kiti iliyopitwa na tarehe haitakuonyesha. Kwa silaha zilizonunuliwa, tumia takwimu za SIPRI (taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm) na rejista ya silaha ya Umoja wa Mataifa, ambako muuzaji na mnunuzi wote huombwa kutoa taarifa. Siku za gwaride hesabu ndege zilizopita pamoja angani kwa mkupuo mmoja. Hiyo ndiyo idadi ya chini ambayo huwezi kubishiwa.

Mwana wa Namanga

FundiAnga amenena. Naongeza upande wetu wa Kenya, na sitaupendelea.

Kuhusu vifaru kuna mtego ambao umewanasa wengi. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya T-72. Serikali ya Kenya ilisema ni vyake. Meli iliachiwa Februari 2009, na nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja 2010 zikaonyesha mzigo ulikuwa wa Sudan Kusini. Mpaka leo mashabiki wengine wanavihesabu vile 33 kama vyetu. Jedwali lako likiwa na T-72 za Faina upande wa Kenya, Mtanzania wa kwanza kulisoma atalitupa, na atakuwa na haki.

Baharini vilevile. KNS Nyayo na KNS Umoja zilijengwa Uingereza na Vosper miaka ya 1980 zikiwa na makombora ya Otomat. Ziliporudi kutoka matengenezo Italia mwaka 2011 makombora yalikuwa yameondolewa, zikabaki meli za doria. Mwili wa meli ni ule ule, jina ni lile lile, ila kazi imebadilika. Kwa hiyo usiandike "meli za makombora 2". Uliza kwanza kombora liko wapi.

Kifaru chenyewe uhai wake ni lori la mafuta. Vickers Mk 3 ya Kenya na Type 59 ya Tanzania zote zinakula karibu lita 2 kwa kilomita kwenye barabara nzuri. Kikosi cha vifaru 31 kikienda kilomita 100 kinahitaji lita 6,200. Kikiacha barabara kikaingia mchanga au tope, zidisha mara mbili, lita 12,400, yaani lori la lita 10,000 halitoshi, na hilo lori lenyewe linazama kabla ya kifaru kwa sababu lina magurudumu, halina minyororo. Maji nayo: askari 600 kwenye joto la nyanda kavu, lita 10 kwa kila mmoja kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa, ni lita 6,000 kila siku.

Ndicho kilichotokea Oktoba 2011 KDF, jeshi la Kenya, ilipoingia Somalia katika operesheni ya Linda Nchi. Mvua za vuli zilikuta msafara kwenye udongo mweusi unaonata, magari yakakwama wiki kadhaa kabla ya Afmadow. Kismayu iliingiwa mwishoni mwa Septemba 2012, na ilihitaji askari wengine washushwe kutoka baharini. Silaha zilikuwepo tangu mwanzo. Barabara ndiyo haikuwepo.

Kwa hiyo safu ya kwanza ya jedwali la jeshi la nchi kavu iwe malori: ya mafuta, ya maji, ya kuvutia yaliyokwama. Vifaru vifuate.

Kyaka78

Jirani wa Namanga umesema kweli, na upande wa Tanzania somo ni lile lile ila limeandikwa mapema zaidi.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 yalilipua daraja la Kyaka tarehe 3 Novemba. Mto Kagera ukawa ukuta. JWTZ, jeshi la Tanzania, ilirudi ng'ambo mwezi huo huo kwa kufunga daraja la Bailey, la vyuma vinavyounganishwa kwa pini, vipande ambavyo askari sita wanaweza kubeba kimoja kwa mikono. Bila wahandisi wenye daraja hilo, vifaru na mitambo ya roketi ya BM-21, ile Waganda waliyoiita Saba Saba, vingebaki ng'ambo ya kusini vikitazama maji. Malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari. Jeshi lililokuwa chini ya watu 40,000 likavuka laki moja pamoja na mgambo, na Kampala ikaangukia mikononi mwake 11 Aprili 1979.

Lakini tusiishie kwenye ushindi. Ile vita iligharimu kiasi cha dola milioni 500, na miaka iliyofuata nchi haikuwa na fedha za kigeni hata za sabuni. Wenye umri wanakumbuka foleni. Nguvu ya jeshi ina bei, na jedwali la haki liwe na safu ya nchi inavyoweza kulipa baada ya vita kwisha.

Sasa viwanda, maana mleta mada ameviweka kama alama ya kujivunia bila kuuliza ndani kuna nini. Mzinga ya Morogoro ni ya 1971. Ya Eldoret ni ya miaka ya 1990. Ruiru ilifunguliwa Aprili 2021 kwa gharama ya shilingi bilioni 4 za Kenya, uwezo bunduki 12,000 kwa mwaka. Swali la fundi ni moja: ni hatua ngapi zinafanyika ndani ya nchi?

Risasi inaanza kama kikombe kidogo cha shaba nyeupe, mchanganyiko wa shaba na zinki. Kinavutwa kwenye mashine mara kadhaa hadi kiwe ganda refu, na kati ya kila mvuto na mwingine kinapashwa moto ili chuma kilainike. Joto likizidi ganda linakuwa laini na kunasa ndani ya mtutu. Likipungua, shingo inapasuka, wakati mwingine miezi baadaye ikiwa stoo. Kisha linakatwa urefu, linatiwa fataki, baruti na kichwa. Nchi inaweza kufanya hatua zote hizi vizuri na bado ikaagiza baruti na fataki kutoka nje. Hapo akiba ya baruti ndiyo akiba ya risasi, na ikipata unyevu haichomi kwa kasi moja, risasi zinatofautiana mwendo.

Jambo jingine ambalo sijaona likitajwa kwenye ubishi huu: Tanzania imekulia kwenye ukoo wa AK, risasi ya 7.62 yenye ganda la milimita 39. Kenya kwa miaka mingi imetumia G3, 7.62 pia, ila ganda ni milimita 51. Majirani hawa wakipelekwa kulinda amani pamoja hawawezi kuazimana hata risasi moja ya bunduki.

Nyumbu ya Kibaha inastahili heshima kwa sababu ilijaribu jambo gumu, kubuni lori linaloweza kutengenezwa na fundi wa kawaida. Kilichoukaba mradi ni kile kinachoukaba kiwanda chochote cha magari: idadi ndogo. Kalibu ya kumimina chuma cha injini gharama yake ni ile ile, utengeneze injini 50 au 50,000. Ukigawa kwa 50, lori la nyumbani linakuwa ghali kuliko la kununua.

Mwisho, naomba ndugu wa pande zote mbili tusitumie shambulio la El Adde, kambi ya Wakenya Somalia, Januari 2016, wala la Semuliki, kambi ya Watanzania Kongo, Desemba 2017, kama vijembe. Walikufa askari wetu na wenu. Kiufundi kambi zote mbili zilikuwa na ugonjwa unaofanana: kituo cha mbali, adui amekusanya watu wengi, na msaada haukufika kwa wakati. Kama unataka kulipima hilo, andika dakika, kutoka wito wa msaada hadi helikopta kufika juu ya kambi, mchana na usiku.

NyayaJuu

Nakuja kwenye reli. Watu wanalinganisha rangi za mabehewa.

Zote mbili ni reli ya upana wa milimita 1,435. Mombasa–Nairobi ni kilomita 472, ilizinduliwa 31 Mei 2017, vichwa vya dizeli kutoka China, kasi ya abiria kilomita 120 kwa saa. Dar–Morogoro ilianza 14 Juni 2024, Dodoma ikafuata mwezi Julai, umeme wa kilovolti 25, kasi 160, vichwa 17 na seti 10 za Mchongoko (treni zenye mota ndani ya mabehewa) kutoka Hyundai Rotem. Kwa uzito, reli ya Tanzania imesanifiwa tani 35 kwa ekseli, ya Kenya 25. Kwa mzigo Kenya ilitangulia: treni za kontena zilianza Januari 2018.

Mtanzania atasema umeme ni mbele. Ndiyo, na ni kweli kwamba haununui dizeli kwa dola kila wiki, na treni ikishuka mlima injini zake zinageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye waya. Lakini kichwa cha dizeli kikiharibika imesimama treni moja. Waya wa juu ukikatika, au kituo cha kupoza umeme kikizima, kinasimama kipande kizima cha njia. Mwaka 2024, wiki za mwanzo tu, shirika la reli lilitaja ngedere na bundi kuwa chanzo cha hitilafu: mnyama anagusa waya wenye kilovolti 25 na chuma cha nguzo kwa pamoja, mkondo unapita mwilini mwake, swichi ya ulinzi inakata. Dawa yake inajulikana, vifuniko vya kuhami kwenye vikombe vinavyoshika waya, kukata matawi kando ya njia, na nguzo zisizopandika. Ni kazi ya kila msimu, haikamiliki siku ya uzinduzi.

Jambo la pili: treni inatumia fazi moja, gridi ina tatu. Kwa hiyo kila kituo cha kupoza kinachukua fazi tofauti na jirani yake ili gridi isiegemee upande, na katikati kuna kipande cha waya kisicho na umeme. Treni inakipita kwa kuteleza. Ikisimama hapo kwa bahati mbaya, haiondoki yenyewe.

Ukipima reli, andika treni ngapi zimefika ndani ya dakika 15 za ratiba kwa mwezi, na tani ngapi zimebebwa. Kasi ya juu iache kwa mashabiki.

Ngomeni

Setilaiti kwa ufupi. Kenya ina haki ya kujivunia, ila iseme yote. Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi. Pwani ilikuwa ya Kenya, roketi ya Marekani, kituo cha Waitaliano. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10, iliachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa Mei 2018. Taifa-1 ilipanda 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX, sentimita 10 kwa 10 kwa 30, shilingi milioni 50 za Kenya, ikitengenezwa na Wakenya pamoja na kampuni ya Bulgaria. Kati ya hizo mbili Rwanda ilirusha RWASAT-1 mwaka 2019, Uganda ikaja na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Tanzania hapo haijafika.

Kipimo cha kweli kiko ardhini. Setilaiti ndogo kwenye njia ya kilomita 500 inazunguka dunia kama kila dakika 95, na antena yako inaiona mara chache kwa siku, kila mara chini ya dakika 10. Ndani ya dakika hizo unatuma amri, unapokea hali ya betri, halafu ndiyo picha. Antena ikiwa mbovu siku mbili, picha za shamba la mahindi zimeshachelewa. Uliza picha ngapi zimemfikia afisa wa kilimo.

Mizani (mleta mada)

Nimefuta nusu ya jedwali langu la awali. Swali la mwisho: fedha za simu na umeme niviweke?

Mwana wa Namanga

Fedha za simu weka, na ugawe mara mbili. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania ikafuata 2008. Lakini kutuma pesa kutoka mtandao mmoja moja kwa moja kwenye pochi ya mtandao mwingine, Tanzania ilianza 2014 na mitandao yote mikubwa ikawa ndani 2016. Sisi tulifika huko 2018. Nani alianzisha ni safu moja, nani aliunganisha ni nyingine.

NyayaJuu

Umeme weka kwa uangalifu. Bwawa la Julius Nyerere la Rufiji ni megawati 2,115, mashine 9 za 235. Kenya ina jotoardhi la Olkaria, linalozalisha usiku na mchana bila kujali mvua, na upepo wa Turkana megawati 310. Usiandike megawati zilizofungwa peke yake, andika na zinazopatikana mwezi wa kiangazi kikali.

Ile laini ya kilovolti 400 ya Isinya–Singida usiiweke upande wowote. Tangu iwashwe mwishoni mwa 2024 gridi zote mbili zinakwenda kwa mpigo mmoja wa hezi 50: mashine kubwa ikizimika ghafla Rufiji, jenereta za Olkaria zinahisi ndani ya sekunde moja na kuanza kusukuma, na kinyume chake. Ichoree safu yake katikati, yenye megawati zilizovuka kwenda kusini na zilizovuka kwenda kaskazini kila mwezi.